Naomba ushauri: kuuza mtandaoni bila kufungwa na programu moja

Habari zenu wakuu. Nauza vitenge Kikuubo, Kampala. Wateja huagiza kwa WhatsApp, wanalipa kwa simu, boda anapeleka. Programu ya mauzo niliyojiunga nayo inakata kamisheni hadi faida inaisha, na orodha ya wateja wanabaki nayo wao.

India kuna ONDC, mtandao wa wazi wa kuuza na kununua ulioanzishwa na serikali mwishoni mwa 2021. Muuzaji anajisajili kwenye programu moja, mnunuzi anamwona hata akitumia nyingine. Kanuni zake za programu kuwasiliana, ziitwazo Beckn, ziko wazi kwa yeyote.

Je, sisi wa sacco yetu tunaweza kuanza kidogo hivyo? Mzigo ukifika umelowa, nani anamrudishia mteja hela? Hapo ndipo nakwama. Mafundi wa kompyuta, nianzie wapi?