Trip ya Wasini: pomboo wafukuzwa na maboti na sisi ndo twalipa!!

Wakuu nimerudi Kisite, ile hifadhi ya bahari karibu na kisiwa cha Wasini, moyo wachemka. Tulitoka Mombasa town alfajiri, tukavuka feri Likoni mpaka Shimoni, mimi na mamangu na watoto, pesa tushalipa zote kwa kampuni moja hapa town walosema kila kitu kimo ndani. Kufika pale, ati kiingilio cha park ni kivyake! Haya nikatoa, sikutaka kelele mbele ya mamangu.

Kilichoniuma ni huko baharini. Pomboo walitokea upande wa visiwa vya Mpunguti, mmoja ana mtoto ubavuni, mashallah wazuri. Nahodha kuwaona tu akafungulia mashini akawakimbilia, na maboti mengine nayo yaja mbio, hili lawakata mbele lile lawabana nyuma, wakizama yawangoja, wakiibuka yawavamia tena. Jamani pomboo si samaki, ana mapafu, lazima apande juu avute pumzi, na yule mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu kama mamake, sasa mwataka aende wapi?? Mamangu ni mtoto wa mvuvi, akamwambia nahodha, "Mwanangu, punguza mashini, watakuja wenyewe." Akajibiwa ati wageni wataka picha. Mtu wa umri ule ajibiwa hivyo!

Kwenye matumbawe ndo balaa. Yule wa kutuongoza kazama kaibuka na kiti cha pweza (yule nyota wa bahari), kikapita mkono kwa mkono juani watu wakipiga picha. Wengine wamesimama juu ya matumbawe na viatu, hakuna alowaambia washuke. Miamba hii ilipauka na joto la 1998 ikafa kwa wingi pwani yetu, tawi moja kukua ni miaka, leo lavunjwa na kiatu ndani ya hifadhi ya taifa tangu miaka ya 70!

Wasini kwenyewe tulikula tu tukaondoshwa. Lile daraja la mbao la kutembelea juu ya mikoko, la kina mama wa kisiwa, hatukufika, ati twachelewa, na tulilipia. Hiyo ni riziki ya wenye kisiwa imeliwa.

Nimewapigia ofisini kwao, ati nitume meseji. Nataka pesa zetu, na aliye Shimoni aniambie huyu nahodha nimpeleke kwa nani, video ninayo na nambari ya boti yaonekana. Na kama wajua nahodha anayezima mashini akangoja, mweke hapa, watoto nataka wawaone pomboo wakiwa wametulia.