Probox ya manyuo, gia namba mbili inakwaruza asubuhi: nimwage oili ya giaboksi au niiache?

Mpanda Uluguru

Habarini wakuu. Nina Probox ya injini 1NZ, manyuo ya gia tano, niliinunua mkononi mwa mtu. Odo inasoma 187,000. Kazi yake ni mboga: alfajiri inapanda Mgeta, inashuka na karoti na kabichi hadi Soko la Mawenzi hapa Morogoro. Kwa hiyo namba moja na mbili ndizo zinazofanya kazi kuliko zote, kupanda na kushuka.

Shida yenyewe: gari ikiwa baridi, nikitoka moja kwenda mbili inakwaruza, hasa nikiharakisha. Ikishapata moto inapungua lakini haiishi. Tatu, nne na tano ziko safi. Nikipaki usiku sioni oili iliyodondoka chini.

Mafundi wawili wamenipa majibu mawili. Mmoja kasema oili ya giaboksi ya manyuo haimwagwi maisha, ukiimwaga ndiyo unaanzisha ugonjwa. Mwingine anataka kuimwaga aweke ile nzito ya 140 ili kelele ife. Aliyeniuzia hajui kama iliwahi kumwagwa. Naomba mnisaidie: inabadilishwa au haibadilishwi? Niweke ipi? Na je, itaondoa hiyo kukwaruza au nitakuwa natupa hela? Gari hii ndiyo inayolisha nyumba na kulipa ada, sitaki kubahatisha.

Baba Zawadi

Pole mkuu. Mimi naungana na fundi wa kwanza. Hiace yangu imepiga Kilombero miaka na miaka, oili ya giaboksi ni kuongeza tu ikipungua. Ile haiungui kama ya injini, inachakaa na nini?

Spana Kumi na Saba

Mkuu Mpanda, kabla hujanunua hata lita moja, fanya majaribio haya kesho asubuhi gari ikiwa baridi.

Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Kisha washa, urudie. Kama ikiwa imezimwa zinaingia laini na ikiwashwa zote zinakuwa ngumu, usiguse giaboksi, klachi yako haiachii vizuri. Kama klachi ni ya oili, angalia masta silinda ya juu na silinda ndogo ya chini. Kama ni ya waya, inahitaji marekebisho.

Jaribio la pili ni rivasi. Gari imesimama, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ndipo uweke rivasi. Rivasi za magari mengi hazina sinkronaiza (pete inayolinganisha spidi kabla gia haijaingia), kwa hiyo zinatoa siri ya klachi haraka. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, tatizo ni klachi. Ikiingia kimya, klachi yako ni nzima.

La tatu: ukitoka moja kwenda mbili, kanyaga klachi, toa gia iwe huru, achia klachi, kanyaga tena, ndipo uingize mbili. Kelele ikipotea kabisa kwa njia hiyo, sinkronaiza ya namba mbili imeanza kuchoka, au oili iliyomo haiisaidii kufanya kazi yake.

Sasa suala la oili. Baba Zawadi, ni kweli haiungui, na ndiyo maana inadumu kuliko ya injini. Lakini injini ina filta, giaboksi nyingi za manyuo hazina. Kila chembe ya chuma na shaba inayosagika humo inabaki humo humo, inazunguka na oili na kupita kwenye beringi. Viambato vinavyozuia chuma kusagana navyo vinaisha nguvu. Kuna watengenezaji ambao hawaandiki muda wa kubadilisha kwa matumizi ya kawaida, na wengi wanaotaja wanataja kilometa kati ya 50,000 na 100,000. Gari inayopanda mlima na mzigo kila siku si matumizi ya kawaida. Mimi ningemwaga kila 40,000 hadi 50,000, na gari uliyonunua bila historia ningeimwaga wiki hiyo hiyo.

Mpanda Uluguru

Asante sana mkuu. Majaribio nimefanya. Ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa gia zinaingia sawa. Rivasi kimya. Kwa ile njia ya kukanyaga klachi mara mbili, kelele ya namba mbili inapotea. Kwa hiyo ni sinkronaiza? Na hiyo 140 je?

Spana Kumi na Saba

Achana na 140. Sinkronaiza ni pete ya shaba inayobana koni ya gia ili spidi za pande mbili zilingane kabla meno hayajashikana. Inafanya kazi kwa msuguano. Oili nzito mno wakati wa baridi inachelewa kupisha, pete haipati kushika koni kwa wakati, meno yanakutana spidi zikiwa tofauti, ndiyo hiyo kelele. Huko Mgeta asubuhi ya mwezi wa saba unajua baridi yake, 140 itakuongezea tatizo. Anachokuahidi huyo fundi ni kuficha mlio wa beringi, na wewe hujalalamikia mlio.

Tafuta 75W-90 yenye alama GL-4, yaani alama ya aina ya oili ya gia kulingana na kazi yake. Namba ya mbele ya W inaonyesha inavyotiririka ikiwa baridi, ya nyuma ikiwa na moto. Giaboksi yako inameza karibu lita mbili.

Mzee wa Forester

Hapa nipinge kidogo. Duka lolote ukiingia wanakupa GL-5, na wanasema ndiyo ya juu zaidi. Subaru yangu ya manyuo imeandikwa GL-5 kwenye kitabu chake. Kwa nini unamzuia mwenzetu?

Spana Kumi na Saba

Kwa sababu GL-5 si daraja la juu la GL-4, ni oili ya kazi nyingine. Imetengenezwa kwa ajili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) zenye meno yanayoteleza kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo ina viambato vya salfa na fosforasi vingi zaidi, karibu mara mbili. Baadhi ya viambato hivyo vinakula shaba polepole, na utelezi wake unaizuia pete kushika koni. Kwa Subaru ni sahihi kabisa, kwa sababu difu ya mbele imo ndani ya nyumba moja na gia na inatumia oili hiyo hiyo, lazima ilindwe. Probox nayo ina difu ndani ya giaboksi, lakini injini yake imelala kwa upana wa gari, meno ya difu ni ya kawaida tu, hayahitaji ulinzi mkali namna hiyo. Zipo oili zilizoandikwa zinafaa GL-4 na GL-5 kwa pamoja. Kwa gari ambayo sinkronaiza imeshalalamika, mimi nachagua iliyoandikwa GL-4 peke yake.

Na kwa wengine mnaosoma: kitabu cha gari kwanza. Honda wana oili yao ya manyuo, na Honda nyingi za zamani kitabu kiliruhusu oili ya injini 10W-30 kwenye giaboksi. Zipo giaboksi za manyuo zinazotumia haidroliki, hiyo nyekundu ya otomatiki. Usiige ya jirani.

Dada Kirikuu

Naongezea kwa wanaopita kwenye maji. Giaboksi ina kipumulio juu. Ikiwa na moto ukaiingiza kwenye maji yaliyojaa barabarani, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia hapo au kwenye sili (mpira unaozuia oili isivuje). Sisi wa Dar mvua za Aprili tunalijua hili. Oili ikitoka ina rangi ya chai ya maziwa, usisubiri kilometa, mwaga siku hiyo hiyo.

Spana Kumi na Saba

Sahihi kabisa dada. Mkuu Mpanda, ukienda kwa fundi simama naye. Gari itembee kwanza oili ipate uvuguvugu, halafu isimame sehemu tambarare. Afungue nati ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia. Ya juu ikigoma na ya chini umeshamwaga, gari haitoki hapo. Nati ya chini nyingi zina sumaku: uji wa kijivu uliosagika laini ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Weka washa mpya, ile pete ya kuzibia chini ya nati. Jaza kwa faneli na mpira mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, hapo ndipo kipimo chake. Akizidisha itatafuta njia kwenye sili, na ikifika kwenye sahani ya klachi una kazi nyingine. Usikubali mtu akusafishie kwa dizeli ndani.

Mpanda Uluguru

Wakuu, nimerudi. Nimepata 75W-90 ya GL-4, tumemwaga. Iliyotoka ni nyeusi, ukiiangalia juani ina chembe zinazometa za rangi ya dhahabu. Sumaku ilikuwa na uji laini, vipande hakuna. Ila iliyotoka haikufika hata lita moja na nusu, na tumejaza karibu mbili. Asubuhi ya leo namba mbili imekwaruza kidogo sana nilipoharakisha, nikienda taratibu haikwaruzi kabisa. Gia zote zimekuwa nyepesi mkononi.

Spana Kumi na Saba

Chembe hizo za dhahabu ni shaba ya sinkronaiza, kwa hiyo pete imelika na oili haiwezi kuirudisha. Kilichobadilika ni kwamba iliyobaki sasa inapata oili inayoifaa. Ukitulia kidogo kwenye huru kati ya moja na mbili, na ukishusha kutoka tatu kwenda mbili ukakanyaga klachi mara mbili, itakubeba muda mrefu. Usiruhusu mtu aifungue giaboksi kwa sababu ya kelele hiyo tu. Ya kufungua ni pale gia inapojitoa yenyewe ukiwa mlimani, au ukisikia mlio unaobadilika na spidi kwenye gia moja.

Kinachonisumbua ni oili iliyopungua. Ingia chini uangalie drivu shafti (vyuma vinavyozungusha matairi) zinapoingilia kwenye giaboksi, kulia na kushoto. Sili ikichoka inavuja gari ikitembea, oili inarushwa na kukauka na vumbi, hutaona tone ulipopaki. Pakiwa na tope la mafuta, badilisha sili kabla ya kuanza kupanda na mzigo. Ukishatembea kilometa 5,000 hivi, mwaga tena mara moja, kwa sababu vumbi la zamani huwa halitoki lote mara ya kwanza.

Mpanda Uluguru

Upande wa kushoto pana tope la mafuta kweli. Sili nimeagiza, Jumamosi tunafunga.