MJADALA: Kwa nini timu ya chuo iitwe namba 1 Marekani kabla haijacheza hata mechi moja?

Wakuu, kila Novemba tunagombana juu ya jambo hili na hatulimalizi, kwa hiyo leo nalileta mezani rasmi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: orodha ya AP (shirika la habari la Associated Press) ya timu 25 bora za kikapu cha vyuo Marekani ianze kutolewa wiki ya kwanza ya Desemba, mashindano ya kipindi cha Thanksgiving, sikukuu yao ya mwishoni mwa Novemba, yakishapita. Kabla ya hapo kila mwandishi atabiri anavyotaka kwenye safu yake, ila auite utabiri.

Kwa asiyeifuatilia sana, kura hii hupigwa na waandishi wa michezo takribani 60. Kila mmoja hupanga timu 25. Ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, mpaka ya mwisho yenye pointi 1. Zinajumlishwa, na kila Jumatatu orodha mpya inatoka. Ngazi ya juu ya vyuo ina timu zaidi ya 350 na haiwezekani zikutane zote, kwa hiyo orodha ya namna hii ina kazi yake. Ninayoikataa ni ile ya Oktoba, inayopangwa wachezaji wakiwa bado mazoezini.

Na ninachodai si kigeni. Kura ya kwanza kabisa ilipigwa Januari 1949, msimu ukiwa katikati, na Saint Louis ndio waliokaa juu. Hii ya kabla ya msimu ilikuja kuongezwa 1961. Zaidi ya miaka kumi watu walikula kikapu chao vizuri tu bila namba za Oktoba.

Sasa chukueni msimu wa 2022-23, maana ndani yake kuna kila kitu. North Carolina walikuwa wametoka kucheza fainali ya ubingwa wa vyuo ya Aprili 2022 wakafungwa na Kansas 72-69. Wanne kati ya watano waliokuwa wakianza walirudi, Armando Bacot akiwemo, na waandishi wakawapa namba 1. UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) hawakuwemo hata kwenye hizo 25. Mwishoni mwa Novemba timu hizi mbili zikajikuta kwenye mashindano yale yale, Phil Knight Invitational kule Portland. North Carolina wakafungwa na Iowa State 70-65, kisha Alabama wakawafunga 103-101 baada ya vipindi vinne vya nyongeza. UConn wakawachapa Oregon 83-59, wakawachapa Alabama 82-67, wakamalizia fainali na Iowa State 71-53. Yaani wale wawili waliomwangusha namba 1 wa Oktoba, UConn waliwafunga wote, huyu kwa pointi 15 na yule kwa 18, ndani ya siku nne.

Machi ilipofika North Carolina hawakuitwa kwenye mashindano ya ubingwa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Ilikuwa timu ya kwanza kuanza msimu ikiwa namba 1 na kuyakosa tangu yapanuliwe kufikia timu 64 mwaka 1985. UConn wakachukua ubingwa. Mechi sita, zote wakashinda kwa pointi 13 au zaidi, fainali ikiwa 76-59 dhidi ya San Diego State. Mchezaji bora wa hatua ya mwisho akawa Adama Sanogo, kijana wa Bamako. Mimi nilikesha kwa ajili ya fainali ile na sijutii hata dakika moja ya usingizi nilioupoteza.

Mtasema huo ni mwaka mmoja. Haya, tuangalie yote. Timu ya mwisho kuanza msimu ikiwa namba 1 na kumaliza bingwa, mpaka ubingwa wa Aprili 2025, ni North Carolina ya 2008-09. Hapo katikati wamepewa namba hiyo Duke, Indiana, Kentucky, Michigan State, Gonzaga, na Kansas mara kadhaa. Kansas waliopewa namba 1 kwa 2024-25 walitolewa mechi yao ya kwanza kabisa ya Machi na Arkansas, 79-72. Bingwa wa mwaka huo, Florida, alikuwa ameanza akiwa namba 21.

Mwaka 2009 nautaja kwa upendo, kwa sababu wengi wetu Dar tuliingia kwenye kikapu cha vyuo kwa mlango wa Hasheem Thabeet. Kijana aliyeanza kucheza akiwa na miaka 15 hapa hapa mjini, akawa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo. UConn yake ilianza msimu ule namba 2, nyuma ya North Carolina hiyo hiyo. Februari ikapanda mpaka namba 1, ikafika nne bora, ikafungwa na Michigan State 82-73. Miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa. Mwaka ule orodha ilisema kweli, na mimi, kijana wakati huo, nikaiamini kama kalenda ya mwezi. Imenichukua misimu mingi kuelewa kwamba nilikuwa nimekutana nayo mwaka wake mzuri.

Kilichobadilika zaidi tangu enzi za Thabeet ni uhamisho. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na 2024 hata kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa. Kuanzia Julai 2021 wanalipwa kwa kutumia majina yao kibiashara. Matokeo yake timu kubwa inaweza kuingia Novemba na wachezaji wanane ambao hawajawahi kucheza pamoja. Zamani mwandishi aliyewaona Aprili alikuwa na haki ya kukisia watakavyokuwa Oktoba. Leo anakisia kwa jina la chuo, jina la kocha na umaarufu wa waliosajiliwa. Hapo ndipo vyuo vidogo vinapoumia, kwa sababu jina hawana.

Tuwakumbuke Evansville, moja ya vyuo hivyo vidogo. Tarehe 12 Novemba 2019 walikwenda Rupp Arena, nyumbani kwa Kentucky waliokuwa namba 1 wiki hiyo. Kentucky waliwalipa dola 90,000 waje, kama ilivyo desturi ya vigogo kuwalipa vibonde waje kufungwa. Evansville wakashinda 67-64, wakarudi na hela na ushindi. Wiki mbili baadaye Stephen F. Austin wakawafunga Duke, nao wakiwa namba 1, 85-83 kwenye uwanja wa Duke. Nchi nzima ikapiga kelele. Lakini Evansville hao hao walipoingia kwenye ligi yao walipoteza mechi zote 18. Zote! Nawauliza, walikuwa wamemfunga nani siku ile? Walifunga timu nzuri ya Kentucky iliyocheza vibaya usiku mmoja. Ile "namba 1" ilikuwa ya kura, imejengwa juu ya Oktoba na mechi mbili za mwanzo.

Huku kwetu Simba na Yanga, pamoja na ukubwa wao wote, huanza ligi na sifuri. Mchambuzi anaweza kusema redioni bingwa ni nani, lakini msimamo wa ligi haumsikilizi. Ndicho ninachokitaka kwa vyuo vya Marekani. Tena wenyewe wameshaonja utamu wake: kipimo cha NET cha kupanga ubora wa timu, ambacho NCAA inakitumia tangu 2018, hakibebi chochote cha mwaka jana na hutangazwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Desemba. Kwenye futiboli yao ya Kimarekani nako, kamati ya mchujo wa ubingwa haitoi orodha yake mpaka msimu uwe umekwenda miezi miwili hivi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito na sitaikwepa. Orodha ya kabla ya msimu ina uwezo wa kutabiri Machi ambao watu wengi hawautarajii. Wale wa FiveThirtyEight, tovuti ya takwimu, walipokuwa wakipiga hesabu za mashindano, waliiingiza kwenye fomula yao Machi, miezi mitano baada ya kupigwa! Sababu inaeleweka: mechi 30 zina bahati nyingi ndani yake, na maoni ya Oktoba yanabeba taarifa za vipaji ambazo matokeo ya kubahatisha yanaweza kuzificha. Ken Pomeroy, mtakwimu wa kikapu cha vyuo, naye, ambaye mfumo wake hupima pointi za kufunga na kufungwa kwa kila mashambulizi 100 kwa kuzingatia ubora wa mpinzani, huanza msimu na makadirio ya awali, kisha huyapunguzia uzito kadiri mechi zinavyoongezeka.

Nakubali yote hayo. Ila Pomeroy hasemi anagawa vyeo. Anasema anakadiria nani angeshinda kesho. Kura ya AP inachanganya vitu viwili kwenye sahani moja: wiki ya kwanza ni utabiri, wiki ya kumi tunaambiwa ni sifa ya kazi iliyofanyika, na hakuna Jumatatu hata moja ambayo waandishi walitangaza kwamba wamehama kutoka huku kwenda kule.

Nawasikiliza.

NIMERUDI. Nimesoma michango yote tangu jana usiku, ahsanteni. Najibu michache.

Kaka uliyeandika kwamba orodha inajirekebisha yenyewe haraka, kwa hiyo nalia bure: umetoa mfano mzuri, na ni kweli. North Carolina walishuka kutoka 1 mpaka 18 kwa Jumatatu moja, na wiki iliyofuata wakatoka kabisa. UConn nao Desemba walikuwa wameshafika namba 2. Sasa nikuulize na mimi. Kama Desemba orodha inakuwa imejisahihisha, tungepoteza nini kusubiri hiyo Desemba? Halafu kuna timu za katikati ambazo hazipigi kelele upande wowote. Anayeanza namba 14 akishinda mechi tano dhidi ya vibonde hubaki 14 au hupanda. Asiyekuwemo akishinda tano kama hizo hubaki nje. Kazi ni ile ile, malipo tofauti, na tofauti yenyewe ni Oktoba.

Dada uliyesema Novemba nayo ni mwongo, umenigusa mahali penyewe. Umekumbusha kwamba Novemba 2024 Kansas waliwafunga North Carolina, Michigan State, kisha Duke 75-72 kule Las Vegas, halafu Machi wakatolewa mapema huku Duke ya Cooper Flagg na Khaman Maluach, yule kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, ikifika nne bora. Umeongeza na UConn, mabingwa wa mara mbili mfululizo, waliokwenda kwenye mashindano ya Maui, Hawaii, wakiwa namba 2 wakapoteza mechi zote tatu, na Memphis, Colorado na Dayton. Yote sahihi. Lakini ona: mimi sijasema Novemba inajua ya Machi. Kansas walistahili namba 1 mwisho wa Novemba ile kwa sababu waliwafunga watu wenye majina mbele ya macho yetu. Waliposhindwa baadaye, wangeshushwa kwa kushindwa huko. Mtu hulipwa kwa siku alizolima. Duke nao wangepanda kwa jinsi walivyocheza Januari na Februari, na ndivyo walivyopanda.

Mkuu wa mikeka, wewe nakujibu kwa kifupi kwa sababu ni hela yako. Usipange mkeka wa Novemba kwa kuangalia namba iliyo pembeni ya jina la timu. Kampuni za kubeti zina hesabu zao na haziweki odi kwa kura za waandishi. Ukikuta timu isiyo na namba imepewa nafasi kubwa kuliko namba 15, ujue wamechunguza kitu ambacho kura haikukiona. Na mechi inayoanza saa tisa usiku kwetu, kati ya timu mbili zilizobadilisha karibu kikosi kizima, mimi naiangalia kwa raha zangu bila kuweka shilingi.

Wa mwisho ni mzee wangu uliyesema kamati ya watu 12 inayochagua timu za Machi haitumii kura ya AP, kwa hiyo orodha haimdhuru mtu. Shikamoo, mzee. Kanuni zao ndivyo zinavyosema, nami sina ushahidi wa kusema wanadanganya. Lakini watu hao 12 wanaangalia televisheni ile ile, na namba ile hukaa pembeni ya jina la timu kwenye kila mechi kuanzia usiku wa kwanza wa Novemba. Kocha anayetafuta wachezaji anaitumia. Kijana wa miaka 17 anayechagua chuo anaiona. Evansville hawana wiki hata moja ya kuonekana hivyo, labda wamfunge mtu mwenye namba 1 nyumbani kwake.

Kwa hiyo wanaotetea orodha ya Oktoba nawapa kazi moja. Leteni timu zenu 25 za wiki ya kwanza, na kwa kila timu muandike sababu moja tu iliyotokea uwanjani msimu huo. Nipo, nazisubiri.