Tupeane uzoefu: jaribio la trafiki la leseni hapa Dar, ulijiandaaje na siku yako ilipangwaje?

Wakuu habari za muda huu. Mdogo wangu wa kike yuko mwishoni mwa mafunzo ya udereva huku Tabata na hilo jaribio la trafiki limeshaanza kumkosesha usingizi, nikaona badala ya kumjibu mimi peke yangu nifungue uzi, mliopita na mnaojiandaa mtiririke. Naomba tuongelee jaribio la kweli, la kukaa na askari kushoto kwako, zile za "tuma hela nikuletee cheti" tusizilete humu kabisa maana huyu mtoto kesho atapakia watu.

Naanza mimi. Leseni yangu daraja D, gari ndogo ya binafsi. Makaratasi ni namba ya NIDA, TIN, halafu unaomba lena, yaani leseni ya kujifunzia, TRA unalipa kwa kontroo namba, ndo unaingia barabarani na mwalimu na bango la L. Hakikisha majina yako yanafanana kila sehemu, herufi kwa herufi, hiyo imalize mapema kabla hata hujashika usukani.

Sasa siku ya jaribio. Vyuo vingi vinapeleka wanafunzi kwa makundi, mwalimu anakusanya majina anapanga na askari wa usalama barabarani, na ukikaa kimya unajikuta umeandikwa kwa sababu tu kundi lilikuwa limepungukiwa. Mi jina langu lilipoandikwa nilimfuata mwalimu nikamwambia mwalimu shikamoo, naomba unitoe, kurivasi kwenye koni bado sijakaa sawa. Hakufurahi lkn alinitoa, na nikamuomba mawili, kundi linalofuata niwe wa asubuhi, na gari ya jaribio iwe ile ile niliyojifunzia. Hili la gari watu wanalidharau sana na ndo linaangusha watu, klachi ya gari moja inashika ukiinua mguu kidogo tu, nyingine mpaka iwe juu kabisa, ukibadilishiwa asubuhi hiyo hiyo mguu wako haujui chochote.

Halafu Dar yetu ni tambarare, mtu wa Sinza au Kariakoo anaweza kumaliza mafunzo hajawahi kusimamisha gari kilimani. Mwambie mwalimu akupeleke Goba au Makongo. Handibreki juu, gia namba moja, achia klachi taratibu mpaka usikie sauti ya injini inashuka na boneti inanyanyuka kidogo, hapo hapo tuliza mguu, ongeza mafuta kidogo, shusha handibreki, gari inaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Rudia mpaka mwili ufanye wenyewe.

Mdau wa Kimara: Asante kwa uzi. Mimi askari alianza na vibao, kabla ya gari. Pembetatu yenye mpaka mwekundu ni onyo, ile iliyogeuzwa kichwa chini ni toa nafasi, duara lenye mpaka mwekundu ni katazo, ya pembe nane ni simama. Wenzangu walikuwa wamekariri picha bila kuelewa, akageuza swali kidogo wakapotea. Tukaingia kwenye gari, nikavuta kiti, nikaweka vioo vyote vitatu, nikafunga mkanda nikamwomba na yeye afunge, nikacheki gia iko fri, ndo nikawasha. Nilikuwa nasema kwa sauti kila ninachofanya, najua wengine wataona ni nyingi lkn ilinituliza sana na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa. Barabarani nyuma yangu kulikuwa na daladala inapiga honi mwanzo mwisho nikimbie, kibao kinasema 50, nikabaki kwenye 50. Kwenye kipilefti nikasubiri wanaotoka kulia kwangu wote wapite. Na kwa wale wa Morogoro Road kama mimi, njia ya mwendokasi usiiguse hata kama foleni imesimama kama ukuta, zoea kuiheshimu tangu ukiwa lena.

Mdau wa Mbagala: Mimi nilikuwa bodaboda kabla ya kujifunza gari. Macho ya barabarani unakuwa nayo tayari lkn kuna tabia ya kupenya, hiyo ndo nilipambana nayo mpaka mwisho. Mwalimu wangu alikuwa anashika handibreki kila nikitaka kupenya, namshukuru sana yule mzee.

Dada wa Gongo la Mboto: Jamani mimi nataka kujiandikisha wiki ijayo, nyumbani gari yetu ni oto. Nijifunze oto tu au?

Mdau wa Kimara: Dada jifunzie manyuo, ile ya klachi na gia za mkono, oto utaizoea kwa siku chache. Na kwetu gari ya jaribio ilikuwa manyuo.

Mdau wa Temeke: Sikupita mara ya kwanza. Gari ilizima karibu na zebra, kuna watoto wa shule wanavuka, nikahangaika kuwasha bila kurudisha fri. Askari alinieleza vizuri tu, akasema kuwasubiri watoto ulifanya sawa, ulichokosa ni utulivu, rudi ukafanye mazoezi. Kilichoniuma ni chuo, niliporudi nikaambiwa nilipie upya masomo na gari ya jaribio, bei ambayo hakuna aliyenitajia siku ya kwanza. Nililipa kwa sababu nilikuwa nataka kujua kuendesha kweli. Nikafanya mazoezi ya foleni, asubuhi Mandela Road malori kila upande, simama ondoka simama ondoka. Nilivyorudi kwenye jaribio zebra ikawa kitu cha kawaida kabisa.

Mimi tena: Mkuu wa Temeke pole na hongera, hii nilikuwa siijui na imenisaidia. Kuna aliyeuliza inbox baada ya kupita inakuwaje, unarudi TRA na majibu yako ya jaribio, unalipia, unapigwa picha na alama za vidole, leseni inatoka ya miaka 5.

Dada wa Gongo la Mboto, kabla hujalipa ada uliza haya na wakuandikie kwenye risiti: nisipopita masomo ya ziada ni bei gani, gari ya jaribio nalipia tena au hapana, na ni gari ipi hasa. Wakikataa kuandika njoo hapa useme uko pande zipi, wadau wa huko watakuelekeza chuo kingine.