Mafundi wa gereji hapa Dodoma, acheni kuchinja magari ya Kiingereza ya watu!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitazificha.

Gari langu ni MGB ya mwaka 1966, gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, la wazi, viti viwili, injini ya cc 1798. Nimelipeleka gereji moja ya hapa mjini kwa tatizo dogo tu, silinda ya chini ya klachi ilikuwa inavuja. Kazi ya kubadili raba na kutoa upepo. Nimerudishiwa gari lenye kabureta ya Toyota, nati zilizoliwa vichwa na waya zilizoungua. Kabureta zangu mbili za SU (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa), zilizotoka na gari kiwandani, naambiwa "spana boi aliziuza skrepa mzee, zilikuwa mbovu zile". Nani aliwaambia ni mbovu? Nani aliwatuma wazifungue? Klachi na kabureta wapi na wapi?

Niwaeleze kitu nilichouziwa skrepa. Ndani ya SU kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuata hewa inayovutwa na injini, na chini ya pistoni kuna sindano inayoingia kwenye jeti. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo na petroli inaongezeka. Juu kuna kifuniko cha kufungua kwa mkono, unatia oili nyepesi kidogo ili pistoni isiruke haraka. Oili ikiisha, ukikanyaga mafuta gari linasita. Dawa yake ni hiyo oili tu, unaitia hata barabarani. Fundi ambaye hajui hilo anasema kabureta imekufa, anakwenda kutafuta ya Corolla, anachonga sahani ya bati ya kuiegesha, halafu anakudai laki tatu na nusu za "modifikesheni".

Hapa Makole kuna mzee mstaafu aliyekuwa akinisetia kabureta hizo kwa kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, anasikiliza mluzi wake. Anahamia ya pili, anagusa skrubu kidogo, anarudi ya kwanza, mpaka zote mbili zilie sauti moja. Kisha anachomoa plagi anazitazama rangi. Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo gari lililosetiwa pwani huku linakula petroli nyingi na plagi zinajaa masizi. Mzee anaipandisha kidogo nati iliyo chini ya jeti, yamekwisha. Hana kompyuta, hana kelele. Sasa hivi macho yamemchoka, na sijaona kijana hata mmoja aliyekwenda kukaa pembeni yake ajifunze.

Turudi kwenye umeme, maana hapa ndipo damu inachemka. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967, chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, si hasi kama magari ya sasa. Chanya! Na betri ni mbili za volti 6, ziko nyuma ya viti. Nilibandika karatasi palepale, maandishi mekundu, kwa Kiswahili: CHANYA INAKWENDA KWENYE BODI, USIGEUZE. Wameisoma, wamegeuza. Naambiwa "tulidhani mwenye gari amekosea". Boksi la chaji limeungua, waya wa dinamo umeyeyuka ganda lote. Mtu anaona maelezo ya mwenye mali, anaamua yeye ndiye anayejua, na hata kupiga simu hataki.

Na spana je? Gari hili ni la inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, ukiingiza spana ya 13 inacheza, ukilazimisha unailamba kichwa. Bolti ya 5/16 ina upana wa milimita 7.94, kwa macho huitofautishi na ya milimita 8, lakini meno yake hayafanani kabisa. Hawa wameikandamiza ya 8 kwenye manifoldi ya aluminiamu mpaka tundu limebaki halina meno. Seti ya spana za inchi ninayo, niliwaachia kwenye buti. Nimeikuta haijafunguliwa.

Najua watakuja wa "uza hilo mkweche ununue IST". Subirini kwanza. Gari hili usukani uko kulia kama barabara zetu zinavyotaka. Halina sensa wala kontrol boksi ya kusema imekufa nunua nyingine. Pointi za distribyuta unaziseti kwa geji ya inchi 0.015 chini ya mwembe. Hewa kavu ya Dodoma inalitunza, maana adui mkubwa wa MGB ni kutu. Halina chesisi ya peke yake, ile mikingamo ya chini ya milango ndiyo inayobeba gari, ikioza gari linakunjika katikati. Huko Tanga na Dar chumvi inaimaliza, huku inadumu. Na spea zipo! Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 pale Abingdon kati ya 1962 na 1980, na tangu 1988 Uingereza wanatoa hadi bodi nzima mpya. Ukitoka Chamwino jioni, turubai limekunjwa, upepo wa Ugogo usoni, hakuna gari la milioni mia litakalokupa raha ile.

Taabu zake nazijua na nazikubali. Liko chini, kila tuta ekzosi inakwaruza. Vumbi letu linataka filta zisafishwe kila mara, na kinpini za mbele zitiwe grisi, jambo ambalo vijana wa magari ya kisasa hawalikumbuki. Injini ilibuniwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi zetu ziliiaga mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo bila risasi ya kuzikinga siti za valvu za ekzosi zinaliwa mpaka hedi itiwe siti ngumu. Usafiri na ushuru wa spea unauma. Yote hayo ni gharama ya kupenda, nalipa. Kumlipa mtu aniharibie sikubali.

Gereji husika nimewapa muda warudishe kabureta au walipe, na risiti yao ninayo. Wasipotaka tutaonana Mahakama ya Mwanzo.

Kwenu wadau: kama uko karibu na wanunuzi wa chuma chakavu, Dodoma hadi Morogoro, angalia kabureta mbili za aluminiamu, juu zina vikombe vilivyoinuka kama kengele, ubavuni herufi SU. Usiache ziyeyushwe. Nicheki inbox, nakuja siku hiyohiyo na pesa mkononi. Na kama yupo fundi Singida, Iringa au Morogoro anayemiliki tapu (chuma cha kukatia meno ya bolti tunduni) ya inchi 5/16 na anayesoma maandishi mekundu kabla ya kushika betri, aniandikie hapahapa, gari nitalivuta mpaka kwake.