Naomba ushauri: anga la mvua ya ziwani kwenye bamba la shaba

Ndugu wachapaji wa picha, habari za kazi. Hapa Mwanza nachonga bamba la shaba linaloonyesha mvua ikilisogelea Jiwe la Bismarck, mwamba ulio ndani ya Ziwa Viktoria, wakati maji yanapogeuka rangi ya risasi na upeo wa macho kupotea kabisa. Mawe hayanisumbui, kwani mistari ya sindano inayafaa. Anga ndilo linalonishinda. Unga wa ulimbo wa msonobari, niliouyeyusha juu ya bamba kabla ya kulitumbukiza kwenye kloridi ya chuma, dawa inayokula shaba, unatoa kijivu chenye ukingo mkali, ilhali pazia la mvua halina ukingo. Je, nipake dawa hiyo kwa brashi yenye maji ili kivuli kififie taratibu, au niache utando mwembamba wa wino ninapofuta bamba kabla ya kuchapa? Njia ya pili inapendeza sana, ila nakala hazifanani, nami nahitaji zifanane.