Bahari ya Turner: povu langu linageuka uji

brashi_kavu
Habari wakuu. Nanakili ile Dhoruba ya Theluji ya Turner, mchoraji wa Kiingereza (1842), yenye meli ya mvuke nje ya mlango wa bandari. Rangi ya mafuta, kitambaa sm 60 kwa 80. Nikiiweza, nahamia kwenye kusi la Coco Beach. Kwanza, nikipaka povu jeupe juu ya maji ya kijivu vyote vinakorogeka vinakuwa uji. Pili, wiki ya tatu safu ya juu imeanza nyufa ndogondogo. Nyeupe yangu ni ya zinki. Nakosea wapi?

turubai
Umeanza na giza, mkuu. Turner wa miaka ya mwisho alianza na msingi mweupe. Mwanga unatoka chini, haubandikwi juu. Paka jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara tatu, kila mkono ukikauka piga msasa laini. Kisha rangi nyepesi kama chai: manjano ya udongo (oka) penye mwanga, bluu ya altramarini na kahawia ya amba pembeni. Penye mwanga mkali futa kwa tambara mpaka jeso ionekane.

Halafu subiri. Masika haya ya Dar, rangi inaweza kunata wiki nzima na zaidi, na ikinata kidoleni usiiguse. Povu ni rangi nzito isiyoongezwa mafuta, brashi kavu, mkono mwepesi, ishike vichwa vya nyuzi tu. Pitisha mara moja. Ukirudia mara ya tatu, uji ndio huo.

mzee_wa_vanishi
Nyufa za wiki ya tatu msizisingizie zinki. Zinki ina ubaya wake, inakuwa kavu kama kigae, lakini hiyo ni kazi ya miaka. Hapo chini kuna mafuta mengi, au safu ya chini ilikuwa bado mbichi: ya juu imekauka, ya chini bado inacheza. Safu ya kwanza tapentaini tupu. Ya pili, tapentaini sehemu 3 kwa mafuta ya kitani 1. Ya tatu, nusu kwa nusu. Thina ya magari usiiguse, inayeyusha ya chini. Badili nyeupe iwe ya titani, na uitie oka kidogo maana ni baridi na ina nguvu mno.

Kwa upande wa kuchanganya rangi na vanishi, Turner mwenyewe si mwalimu. Alichanganya vanishi ya utomvu wa mastiki na mafuta, akatumia rangi nyekundu zisizohimili mwanga. Picha zake kadhaa zimepasuka, na wekundu umefifia.

brashi_kavu
Shukrani wazee. Na ile habari kwamba alifungwa kwenye mlingoti kwa muda wa saa nne ili aione dhoruba?

turubai
Aliisema mwenyewe, ila wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Alikuwa ameshapita miaka 60. Tazama mlingoti wenyewe: umesimama penye mwanga mkali kuliko pote, na giza la meli liko hapohapo chini yake. Moshi, mawingu na maji vinauzunguka, upeo wa macho karibu haupo.

Coco Beach usipeleke kijivu hicho. Maji yetu ni ya kijani, yana mchanga, na jua liko juu. Kusi linatoka kusini-mashariki: ukiitazama bahari upepo uko kulia kwako, kwa hiyo povu lirushwe kushoto, likija ufukweni. Ukiligeuza, mvuvi yeyote atakuuliza hilo ni kaskazi gani.